Kupona kwa Dalali Kerrow

Siku Kerrow Alio alipoletwa kituoni kwetu alikuwa amekohoa miezi mitatu, na kila mtu mjini Griftu alikuwa amempa dawa yake. Mmoja alimpa mafuta ya nundu ya ngamia. Mwingine alimpa mkojo wa ngamia jike ambaye hajazaa, akamsisitizia sana hilo la kutozaa. Mwalimu mmoja wa hisabati kutoka bara akamchangia vidonge vya malaria vilivyosalia kwa mkewe. Kerrow alizinywa zote kwa adabu, kwa sababu dalali hakatai kitu cha mtu mbele ya watu, na akaendelea kukohoa.

Mimi ni Aketch, karani wa rekodi. Nililetwa huku kutoka Homa Bay kwa miezi mitatu, miaka sita iliyopita. Kituo chenyewe kiko nje ya mji, na jina lake silitaji kwa sababu bado nakula mshahara wake. Tunafadhiliwa na mradi uitwao Pumzi Mpya, ambao umetupa mashine ya kupimia makohozi, bango la plastiki, na fomu. Fomu ni nyingi kuliko wagonjwa.

Makohozi ya Kerrow yalipimwa, akapatikana na kifua kikuu. Afisa wetu wa kliniki, Murithi, ambaye kila mtu humwita daktari na yeye hamsahihishi mtu, alifurahi. Robo ile alikuwa amepungukiwa na wagonjwa wapya wawili ili afikie lengo.

"Mzee, umekuja wakati mzuri," alimwambia.

Kerrow akamtazama mkewe, Maano, kuona kama yeye ameelewa uzuri ulikuwa wapi.

Lazima niwaeleze kazi ya Kerrow, la sivyo hamtaelewa alichopoteza. Alikuwa dalali wa ngamia kwa miaka thelathini. Ngamia hauzwi kwa mdomo. Muuzaji hasemi bei, wala mnunuzi hasemi bei. Dalali hufunika mikono kwa shuka, akashika vidole vya mmoja, kisha vya mwingine, na bei hupita humo ndani kama siri ya unyumba. Kidole kimoja ni elfu kumi. Kifundo cha kidole ni elfu tano. Mkono mzima ni hamsini. Watu mia moja wanaweza kusimama pale wasione chochote ila shuka inayotikisika. Dalali mzuri anasikia zaidi ya namba: anasikia kidole kinachositasita, kiganja kilicholowa jasho, mtu anayetaka kuuza leo kwa sababu nyumbani kuna msiba. Kerrow alikuwa bora kuliko wote. Watu walitoka Bute na ngamia wao, wakapita masoko mawili, ili mikono yao ishikwe na yeye.

Alianza dawa siku ya Jumatatu. Jumanne asubuhi alirudi mbio, ameshika kikoi chake kwa mkono mmoja.

"Daktari! Mimi nakufa. Mkojo iko damu!"

"Si damu, mzee. Ni rangi ya dawa. Itakuwa nyekundu miezi yote sita."

"Kwa nini hukusema jana?"

"Jana tulikuwa na wageni wa mradi."

Kerrow alirudi nyumbani. Siku tatu zile alirudia udhu mara mbili mbili kwa wasiwasi, mpaka imamu akamwambia rangi ya kidonge haibatilishi kitu. Hata jasho lake lilitoka na rangi ya machungwa, likamharibia kanzu nyeupe ya Ijumaa. Maano aliisugua kwa majivu, akaisugua kwa sabuni ya unga, kisha akaikata vitambaa vya kufunikia sufuria. Hayo waliyavumilia. Kikohozi kilikuwa kimepungua, usiku watu walilala, na Kerrow akaanza kula tena. Nilimpima uzito: ameongezeka kilo tatu. Nikaandika. Murithi akapiga picha ya kile nilichoandika.

Mwezi wa tatu akaja akiwa anatembea kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake.

"Daktari, mguu yangu nasikia moto," alisema. "Kama nakanyaga mchanga ya saa sita, na mimi nimekaa kwa kivuli. Na huku," akainua vidole vyake, "huku kama sisimizi inatembea ndani."

Murithi hakuinua macho kutoka kwenye fomu. "Hiyo ni dawa inapigana na wadudu."

"Wadudu iko kwa kifua ama kwa mguu?"

"Wanakimbia, mzee. Wanakimbilia huko chini."

Nilicheka. Nakiri kwamba nilicheka, kwa sababu lilikuwa jibu la haraka na siku yenyewe ilikuwa ndefu. Kerrow naye akatabasamu kwa heshima. Akameza vidonge vyake mbele yetu, kama sheria inavyotaka, akaondoka akikanyaga ardhi kwa tahadhari.

Moto ule ulipoisha, alidhani amepona. Kumbe kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko moto: hakusikia chochote. Alitoka msikitini na ndala moja, akatembea mpaka nyumbani, Maano akamwonyesha mguu mtupu wenye mwiba uliozama mpaka nusu. Tasbihi ikampotea vidoleni. Alihesabu mara thelathini na tatu akajikuta kwenye ushanga wa kumi. Vifungo vya shati vikamshinda. Alipokwenda kukamua ngamia wake wa nyumbani, ngamia alimpiga teke, kwa sababu hakujua anabana kwa nguvu kiasi gani.

Halafu likatokea lile la hotelini. Kerrow alikuwa amekaa na wenzake, akaletewa chai ambayo ndiyo kwanza imetoka jikoni, ndani ya glasi. Akaishika glasi nzima kwa kiganja, akaanza kuzungumza habari za mvua. Wenzake wakaitazama glasi. Yeye akaendelea. Mtu mmoja akasema, "Subhanallah." Kufikia adhuhuri mji mzima ulijua kwamba Kerrow amepewa karama, moto haumuunguzi. Kwa siku mbili watu walikuja kwake na birika. Mama mmoja alileta mtoto mwenye degedege ili aguswe na mkono ule. Ilibidi imamu aende mwenyewe, akakifungua kiganja cha Kerrow mbele ya watu na kuwaonyesha.

"Karama haitoi malengelenge," alisema. "Mpelekeni hospitali."

Maano ndiye aliyempeleka, na safari hii aliingia naye mpaka ndani. Mimi naelewa Kisomali kiasi cha kutosha, lakini aliamua kuzungumza Kiswahili ili Murithi asipate pa kujificha.

"Huyu bwana yangu," alisema, "alikuwa anashika ngamia sikio anakwambia umri yake. Sasa mimi namfunga vifungo kama mtoto ya nasari. Nataka mkono yake."

"Mama, kifua kinaendelea vizuri sana."

"Mimi sijauliza kifua."

Murithi akaandika kwenye faili: *Mke ana wasiwasi.* Kisha akampa panadol. Akampa Maano, si Kerrow.

Sokoni Kerrow hakumwambia mtu. Angesema nini? Dalali asiyesikia vidole ni kama mwadhini bubu. Alijitahidi kwa ujanja: alibana zaidi, alitazama uso wa mtu badala ya kusikiliza mkono, alichelewesha mambo kwa mizaha. Wiki mbili alifaulu. Wiki ya tatu akaja Hared, mnunuzi wa kutoka Bute, mtu mkavu asiye na uso wa kusomeka. Mikono ikaingia chini ya shuka. Hared akatoa vidole vinne. Kerrow akasikia, au akadhani amesikia, mkono mzima. Akaivuta shuka na kutangaza, "Imeuzwa, Mungu atie baraka!"

Muuzaji akatabasamu. Hared akatoa pesa. Muuzaji akaacha kutabasamu.

"Nilitoa vinne," Hared alisema.

"Dalali ameniambia vitano."

Wote wawili wakamgeukia Kerrow. Katika miaka thelathini hakuna aliyewahi kumgeukia namna ile. Wazee walikaa pale pale wakaamua kwamba ulimi wa dalali ndio uliokosea, basi dalali afidie. Kerrow akatoa mbuzi watatu bila kubisha. Lililomuuma halikuwa mbuzi. Hared, alipokuwa anaondoka, alimshika bega na kumwambia kwa upole, kama mtu anayezungumza na mlevi, "Pumzika, walaal, ndugu yangu."

Alijaribu kutumia simu: mnunuzi amnong'oneze bei, yeye aiandike, muuzaji aione, wasishikane mikono. Lakini kidole kisichosikia hakijui kimebonyeza mara ngapi. Alimwonyesha mfugaji mmoja bei ya laki nane na nusu kwa ngamia mzee mwenye chongo. Mfugaji akamkumbatia kwa furaha. Soko lilicheka mpaka jioni, na tangu siku ile hakuna aliyemletea hata ndama. Kerrow akawa anakuja sokoni, anakaa kwenye jerikeni lililopinduliwa, anatazama shuka za wenzake zikitikisika.

Mwezi wa sita ukaisha. Makohozi yakapimwa, hayakuwa na kitu. Murithi akasimama, akampa mkono.

"Hongera. Amepona."

"Nani?" Kerrow aliuliza.

"Wewe."

Kerrow akautazama mkono wake ndani ya mkono wa Murithi. Baadaye aliniambia alikuwa akitazama ili ajue kama bado umeshikwa. Nami nikafungua rejista, nikaandika *Amepona* kwa kalamu ya bluu, nikapiga mstari chini kwa rula.

Hadithi ingeishia hapo, kama zinavyoishia nyingine zote kwenye rejista ile. Lakini mradi ulikuwa umepata wazo jipya. Wafadhili walikuwa wametosheka kusikia watu wanapona. Sasa walitaka kujua wanaishije baada ya kupona. Wakamtuma binti mmoja aitwaye Sabirin, mzaliwa wa Galbet mjini Garissa, mwenye shahada, tableti, na maswali thelathini na sita juu ya ubora wa maisha. Nilikaa nao kivulini nje ya kituo, kazi yangu ikiwa ni kuthibitisha kwamba mgonjwa ni mgonjwa.

"Adeer," Sabirin alianza, akimwita ami kwa adabu, kwa Kisomali kitamu, "je, unaweza kupanda ngazi za ghorofa moja bila kuchoka?"

"Ghorofa gani?"

"Yoyote."

Kerrow akageuka akatazama upande wa mashariki, halafu magharibi. Kitu kirefu kuliko vyote kilikuwa tangi la maji.

"Sijawahi kuchoka kwa ngazi," alisema kwa ukweli.

Sabirin akaweka alama. "Je, unaweza kusukuma mashine ya kufagilia zulia?"

"Zulia tunalikung'uta."

"Lakini ungeweza?"

"Kama ina magurudumu."

Alama. "Kucheza gofu?"

"Ni nini hiyo?"

"Unapiga kampira kadogo kwa fimbo, kanaenda mbali, halafu unatembea kukafuata."

"Kutafuta kitu kilichopotea porini na fimbo mkononi," Kerrow alisema, "hiyo nimefanya maisha yangu yote."

Alama kubwa. Waliendelea hivyo. Anapumua vizuri? Ndiyo. Anatembelewa na majirani? Sana, hasa wale wa kumpa pole. Kukata tamaa ni dhambi, basi akasema hajakata tamaa. Hakuna swali lililouliza habari za vidole. Mwishoni Kerrow mwenyewe akanyoosha mikono, akaiweka juu ya tableti.

"Binti yangu, hii nayo uandike. Imekufa."

Sabirin akaitazama mikono ile. Alikuwa mtu mzuri, machozi yalimlengalenga. Akatafuta mahali pa kuandika, akapata kisanduku cha maoni mengine, ambacho kilipokea herufi ishirini tu. Akaandika *Mikono ina shida kid* na mashine ikamkatia hapo. Kisha ikapiga hesabu yenyewe, ikatoa jibu kwa rangi ya kijani: themanini na saba kwa mia.

"Ndiyo alama ya juu kabisa kaskazini yote," Sabirin alisema, na sauti yake haikuwa na furaha hata kidogo.

Kwa alama hizo Kerrow akateuliwa kuwa balozi wa waliopona. Mradi ulikuwa unazindua Chumba cha Pumzi mjini Garissa, yaani kontena lililopakwa rangi ya buluu na kukatwa madirisha, na ulihitaji mtu wa kukata utepe. Landikruza ikatumwa kutuchukua: Kerrow, Maano, Murithi na mimi na rejista yangu. Njiani Murithi alimfundisha hotuba. Ilikuwa fupi. *Nilikuwa mgonjwa. Sasa ni mzima. Asanteni Pumzi Mpya.*

"Na mkono?" Kerrow aliuliza.

"Mkono tutauzungumza baadaye, mzee. Leo ni siku ya kifua."

Tukafika Garissa na joto lake. Hema lilikuwa limejaa. Kerrow alivishwa fulana iliyoandikwa MIMI NI MZIMA kifuani, juu ya shati ambalo Maano alikuwa amemfunga vifungo. Mkurugenzi wa mradi alikuwa ametoka Nairobi kwa ndege ya asubuhi na alitaka kurudi kwa ndege ya mchana, kwa hiyo mambo yalikwenda haraka. Akamshika Kerrow begani, akampa mkasi, akaushika utepe kwa mkono wake wa kushoto ili ukae wima mbele ya kamera.

"Tukate pamoja!" alisema.

Kerrow alitia vidole kwenye mkasi kwa kuvitazama, kimoja baada ya kingine. Mpiga picha akamwambia atazame kamera. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu mtu ambaye vidole vyake vimekufa huona kwa macho peke yake. Akatazama kamera, akatabasamu, akabana.

Mkurugenzi alitoa sauti ambayo sikudhani mkurugenzi anaweza kuitoa. Wageni wakapiga makofi, wakidhani ni shangwe.

"Utepe yenu iko ngumu," Kerrow alisema, na akabana tena.

Maano ndiye aliyerukia mkasi. Damu ilikuwa imeshachuruzika kwenye utepe na kwenye mkono wa koti la mkurugenzi, na mpiga picha, ambaye alilipwa kwa kila picha, hakuacha kupiga hata mara moja. Daktari mmoja mwanamke aliyekuwa amekaa viti vya nyuma, jina lake Kananu, alikuja na sanduku la huduma ya kwanza akamkalisha mkurugenzi chini. Kidole kilikuwa hakijakatika. Kilihitaji nyuzi mbili na maneno mengi ya kubembeleza.

Katika vurugu ile mtu akasahau kuzima maikrofoni, na Kerrow alikuwa amesimama mbele yake. Nilimwona Murithi akimwashiria kwa midomo: *asanteni, asanteni.* Kerrow akausogelea mkebe ule wa sauti.

"Mimi naomba msamaha kwa huyu mkubwa," alisema. "Sikujua ni kidole. Mimi sijui kidole tena. Nilikuja kwenu na kifua mbaya na mkono mzuri. Mmenirudishia kifua mzuri, mmebaki na mkono. Mimi ni dalali. Hiyo biashara, mtu akileta sokoni, sisi tunamwita mwizi."

Hakuna aliyepiga makofi. Nyuma kabisa mzee mmoja akasema, "Kweli, wallahi," na maikrofoni ikazimwa.

Daktari Kananu alimmalizia mkurugenzi bandeji, akaja moja kwa moja kwa Kerrow. Hakumuuliza habari za ngazi wala za gofu. Alimwambia afumbe macho, akamgusa vidole kwa pamba, halafu kwa pini, akimuuliza kila mara, "Hapa? Na hapa?" Kerrow alikosea karibu zote. Akamvua viatu, akafanya hivyo hivyo miguuni.

"Pamoja na dawa za TB," aliuliza, "ulikuwa unapewa kidonge kingine kidogo kila siku? Vitamini B6?"

"Kidogo? Hapana. Yangu ilikuwa kubwa yote."

Kananu akamgeukia Murithi. Hakupandisha sauti, na nadhani hilo lilikuwa baya zaidi. "Moja ya dawa hizi huua neva za mikono na miguu, hasa kwa mtu aliyekonda kama alivyokuwa huyu. Kile kidonge kidogo ndicho kinga. Ni bei ya peremende. Kwa nini hakupewa?"

"Huwa vinaadimika," Murithi alisema.

Njia yote ya kurudi nilikuwa natafuta kitu kichwani, na tulipopita Wajir nikakipata. Tulipofika sikuenda nyumbani, nilikwenda stoo. Niliondoa katoni sita za fulana za Pumzi Mpya, na nyuma yake yalikuwepo: makopo kumi na manne ya vitamini B6, yamefungwa bado. Nilijua ni kumi na manne kabla ya kuyahesabu, kwa maana nilikuwa nimeyahesabu kila mwisho wa mwezi kwa mwaka mzima. Niliandika 14, 14, 14. Sikuwahi kumuuliza mtu yeyote ni ya nini.

Nilimwita Murithi. Aligeuza kopo moja, akasoma kibandiko chake.

"Fomu ya mradi haina safu yake, Aketch," alisema. "Ningeyagawa, ningeandika wapi?"

Nilitaka kumtukana, na matusi ya kwetu ni mazuri, lakini nilikumbuka ile rula yangu chini ya neno *Amepona*, nikayameza.

Asubuhi nilibeba makopo mawili mpaka nyumbani kwa Kerrow. Maano alinimiminia chai. Niliwaambia yote, pamoja na lile la kuhesabu. Kerrow alisikiliza hadi mwisho.

"Hiyo stoo," alisema, "na pale mimi nilikuwa nakaa kumeza dawa. Mbali kiasi gani?"

"Hatua nane."

Alivuta pumzi ndefu, yenye afya, isiyo na mkwaruzo wowote. Maano ndiye aliyesimama. "Hatua nane!" alisema, akatoka nje, tukamsikia akiwaambia majirani kwa Kisomali, kisha akiwaambia tena waliochelewa kufika, na kila mara sauti ilipanda. Kufikia saa nne kulikuwa na wanawake ishirini mlangoni mwa kituo, na Murithi alijifungia ndani ya chumba cha kupimia macho. Nilimsikia akipiga simu Nairobi akiripoti kwamba jamii imeamka.

Kerrow alimeza vidonge vile vidogo kwa miezi tisa. Daktari Kananu alimwambia mapema kwamba kilichochelewa hakirudi chote, na alisema kweli. Mikono ilirudi nusu: anafunga vifungo vikubwa, anajua glasi ya moto, anatofautisha vidole viwili na vitatu ukimpa muda. Kifundo cha kidole hakisikii, na ngamia hauzwi bila kifundo. Miguu haikurudi. Anavaa viatu vya kufunga kwa kamba, na kila jioni Maano huzigeuza nyayo zake na kuzikagua kama anayechambua mchele.

Siku hizi anauza mbuzi, na anawachukia. "Mbuzi hana heshima," aliniambia. "Bei yake inatangazwa kwa kelele kama taarifa ya habari, hata mtoto anasikia." Anapata riziki yake. Lakini wapita njia wakimwita dalali, huitika baada ya kutulia kidogo, kama mtu aliyeitwa kwa jina la ndugu yake marehemu.

Murithi alipandishwa cheo. Yuko Nairobi sasa, anafundisha maafisa wengine somo la kumsikiliza mgonjwa. Nasikia ana slaidi moja yenye picha ya Kerrow katika ile fulana. Picha imekatwa pembeni, utepe ukaachwa nje, ili damu isionekane.

Na Kerrow, kila Jumanne ya kliniki, huja akakaa kwenye benchi mlangoni. Hakuna aliyemwajiri. Mgonjwa wa TB akitoka, anamwambia, "Fungua mkono." Anavihesabu vidonge kwa macho. "Kidogo iko wapi?" Kama kidogo hakipo, mgonjwa anarudishwa ndani, na Kerrow anamfuata nyuma. Afisa mpya, kijana msomi, alinilalamikia kwamba mfanyabiashara wa mbuzi anaingilia matibabu. Nikamwambia aandike malalamiko. Akauliza kwenye fomu gani. Nikamwambia hata mimi sijui.

Jumanne iliyopita makopo yalikuwa yamekwisha. Bibi mmoja mkondefu alifungua kiganja, kidogo hakimo.

"Imeagizwa," afisa alisema. "Italetwa mwezi ujao, inshallah."

"Inshallah ni ya Mungu," Kerrow alimjibu. "Wewe piga simu Wajir."

"Mzee, nitapiga baadaye."

"Sawa. Mimi sina haraka."

Akaweka fimbo yake ukutani, akafungua kamba za viatu, akamwambia Maano kwa simu asimsubiri kwa chakula. Dereva wa kutoka Wajir alipofika na katoni ilikuwa Alhamisi, saa tano asubuhi. Kerrow alikuwa bado pale kwenye benchi, na yule bibi kando yake, wakigombana juu ya bei ya beberu.